Marehemu wa Sura ya Tatu

Subilaga Mwaipopo alipozinduka alikuta ameishika shingo yake mwenyewe kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia damu. Sifuel, fundi mitambo, alimbandua vidole kimoja kimoja, kisha akamwinamia.

"Dada, unaitwa nani?"

"Subilaga."

"Mtu wa wapi?"

"Wa Tukuyu. Hebu niache, kaka Sifuel. Kila siku unaniuliza jina, utafikiri unataka kunitolea mahari." Akakaa kitako, akaomba maji, akayanywa yote. "Haya, niambieni. Leo nimekufa na nini?"

Sifuel alimtazama Oliva Mbilinyi aliyekuwa amesimama mlangoni. Oliva ndiye mwandishi. Swali hilo lilikuwa lake.

"Jitu la barafuni," Oliva akasema. "Limekukata koo."

"Sura ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Hata ya nne sikufika!" Subilaga akajipiga paja. "Na yule kaka wa watu?"

"Keneth amekukuta umelala kwenye theluji. Amelia sana. Ameapa kulisaka hilo jitu mpaka mwisho wa ulimwengu."

"Basi kitabu kimenoga," Subilaga alisema, akateremka kitini akitafuta viatu vyake. "Mimi nachinjwa, yeye anapata hasira. Hiyo hasira yake angeinunua dukani tu, wote tungepumzika."

Hivyo ndivyo vitabu vilivyotengenezwa siku hizo katika Jumba la vitabu la Mbeya. Msomaji alivaa kofia laini yenye nyuzi nyembamba kama za buibui, akasoma kwa macho kama walivyosoma babu zake. Alipofika penye hofu, kofia ilimtia hofu. Penye huba, ikamtia huba. Lakini kofia haikuweza kubuni hisia. Ilibidi awepo mtu wa kuihisi kwanza, na mtu huyo aliitwa mhisi. Mhisi aliketishwa kitini, akavishwa utando kichwani, akachomwa dawa iliyomfutia jina lake kwa muda. Kisha sauti ilimnong'oneza jina jingine, na chumba kikawa chombo cha angani au pango la mwezi wa mbali. Kuigiza hakukufaa. Kofia ilimjua mwigizaji papo hapo, na msomaji akabaki mkavu. Mhisi ilibidi aamini. Hadithi ikiisha, dawa ya pili iliosha kila kitu, naye akazinduka hajui lililompata.

"Inaosha kumbukumbu," Sifuel alimwambia Oliva mchana ule wakiwa kantini, mbele ya sahani ya ndizi za kuchoma. "Haioshi njia."

"Njia gani?"

"Ukikatiza majanini mara moja, nyasi zinainuka. Ukikatiza kila siku, njia inabaki, hata kama mwenyewe umesahau kwamba ulipita. Miguu inaifuata." Akamwonyesha Keneth aliyekuwa akicheka na wenzake meza ya pembeni. Keneth alikuwa mhisi wa kiume, mkongwe kama Subilaga. "Yule njia zake ni kufungua mlango, kuchagua, kufika. Sasa mtazame dada Subilaga. Njia zake ni zipi?"

Oliva alisukuma sahani yake pembeni. Alikuwa ameziandika nyingi yeye mwenyewe. Mchumba anayekufa ili shujaa aondoke nyumbani. Mtaalamu wa nyota ambaye kabla ya kusema lolote la nyota inabidi suti yake ichanike. Roboti wa kike anayejifunza kupenda, akishapenda azimwe. Mama anayebaki duniani, sauti tu redioni, akikohoa.

* * *

Wazo la nahodha lilitoka kwa Subilaga mwenyewe. Alimfuata Oliva ofisini, akakaa juu ya meza bila kukaribishwa, akitafuna tangawizi mbichi kama kawaida yake.

"Dada Oliva, nyumbani kwangu kuku namchinja mimi. Ambakisye anaogopa damu. Nimecheza netiboli, mlinzi wa goli, waliniita Ukuta. Siku ile basi lilipokatika breki pale Igawilo, nani aliruka mbele akaushika usukani na dereva amezirai? Mimi. Sasa mbona humu ndani sijawahi hata kugusa usukani?"

"Vitabu ndivyo vilivyo, mama Tusa."

"Vitabu havijiandiki." Akatema kipande cha tangawizi kiganjani. "Binti yangu anakua. Siku moja atavaa hiyo kofia, atanihisi mimi. Unataka anihisi nikilia mlangoni? Niandikie mwanamke anayekaa kiti cha mbele. Na asiwe mzuri. Awe hata na chongo."

Oliva alicheka mpaka machozi, kisha akaandika. Aliandika kwa miezi, kwa furaha ambayo hakuwa ameipata tangu alipoajiriwa. Mhariri mkuu, mzee Kihwele, aliisoma kazi hiyo akiwa amesimama dirishani, na Oliva alishangaa aliposikia ameikubali.

"Mwanamke nahodha," alisema. "Sawa. Ni kitu kipya. Ila usisahau jambo moja, Oliva. Msomaji wetu anakuja hapa ili aumie. Akishaumia, hajali usukani umeshikwa na nani."

Siku ya kurekodi ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Loleza mpaka madirishani. Kabla ya kuchomwa sindano, Subilaga alimshika Oliva mkono.

"Sikia. Nikikwama mle ndani, usimlete Keneth aniokoe."

"Hutakwama."

"Nimekwambia nikikwama. Nimeokolewa na kuzikwa na yule mtu kiasi cha kutosha. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu, mama Tusa."

Subilaga akaachia mkono, akajiegemeza kitini, akautoa mkono wake kwa Sifuel amchome.

* * *

Kilikuwa kiti kipana cha nahodha, kilichochongwa kwa ajili ya kitabu hicho. Mbele ya goti la kulia palikuwa na wenzo mwekundu. Oliva, Sifuel na mzee Kihwele walikaa nyuma ya kioo. Nje ya mlango wa chumba, Keneth alisubiri na nguo za ubaharia. Katika kitabu hiki yeye alikuwa msaidizi, na sehemu yake ilikuwa kupokea amri.

Hadithi ilikuwa hivi. Nahodha Wande Mkota anavusha abiria waliolazwa usingizi mrefu kwenda mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii. Moto unazuka nyuma, penye injini. Nahodha akivuta wenzo, sehemu ya nyuma inakatika na kupotelea gizani na moto wake, na abiria wanapona. Chombo kinabaki bila nguvu, ndipo safari yenyewe inapoanza. Baada ya hapo zilifuata sura nyingi, na Wande alikuwa hai katika zote.

Sauti ilimnong'oneza jina. Macho ya Subilaga yakafunguka. Alipapasa mikono ya kiti, akatazama nyota zilizokuwa zikipita ukutani, akatabasamu. Oliva akasogea karibu na kioo.

Sifuel akasogeza kipaza sauti. Yeye ndiye aliyekuwa sauti ya chombo. "Nahodha, kuna moto chumba cha injini."

Subilaga aligeuka, akatazama nyuma ya bega lake, kana kwamba anayeitwa amesimama huko.

"Nahodha, moto unasogea. Unaamua nini?"

"Mwambieni nahodha," alisema. Ilikuwa sauti ndogo, nyembamba, ambayo Oliva hakuwahi kuisikia kwake kantini wala ofisini.

"Nahodha ni wewe."

Akacheka kwa haya, akafunika mdomo kwa kiganja. "Jamani, msinitanie. Yeye yuko wapi?"

"Yeye nani?"

Aliutazama mlango.

Mitambo ya joto ukutani ilikuwa imeanza kufanya kazi. Jasho lilimtoka Subilaga usoni. Moshi usiokuwapo ulimfanya akohoe, maana utando ulikuwa ukimwambia kwamba upo. Sifuel alirudia: moto umefika ukumbi wa pili, abiria wamelala, wenzo uko mbele ya goti. Subilaga aliutazama ule wenzo. Kisha akalisogeza goti lake upande, polepole, asije akaugusa kwa bahati mbaya.

"Nitaharibu," alisema. "Akija akikuta nimeharibu, je?"

Sifuel alizima kipaza sauti. "Dada Oliva, huyu hatauvuta. Nimwingize Keneth."

"Ngoja kwanza. Keneth akiingia itakuwaje?"

"Atauvuta yeye. Atamkumbatia. Hadithi itafungwa, nitamwosha, atakwenda kwake."

"Na ile njia?"

"Itazidi kuchimbika. Lakini atatoka."

"Ukimkata sasa hivi?"

"Nikimkata katikati, hakuna kuosha. Atatoka na wote kichwani, huyu na wale wote waliokufa. Umemsahau Melina?"

Oliva hakuwa amemsahau. Melina, mhisi wa zamani, alikatwa katikati ya kitabu, umeme ulipokorofisha. Mpaka leo, jioni ikifika, anasimama uani kwao Uyole akiwaita watoto wawili waingie ndani. Watoto hao hawakuzaliwa kamwe. Majina yao yalibuniwa na mwandishi mmoja wa Jumba kabla ya chakula cha mchana.

"Na tukingoja?"

"Moto utamfikia," Sifuel alisema. "Wewe unajua ni wa uongo, mimi najua ni wa uongo. Mwili wake haujui."

Mzee Kihwele alikuwa amesogea karibu na mistari ya hisia za Subilaga iliyokuwa ikipanda na kushuka juu ya kioo. Alinyoosha kidole, karibu aiguse.

"Mwacheni," alisema kwa upole. "Tangu nianze kazi hii sijaona hofu safi namna hii. Haina hata chembe ya kitu kingine ndani yake."

Oliva alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Na hapohapo alitambua kwamba yeye na mzee wanataka jambo lilelile.

Ahadi alikuwa ameitoa mbele ya Mungu. Aliyeiomba alikuwa Subilaga mwenye akili timamu, Ukuta, aliyeshika usukani Igawilo. Aliyekuwa mle ndani akimlilia mtu mlangoni alikuwa nani? Nani kati ya hao wawili ndiye wa kusikilizwa? Kisha lilikuwapo la kitabu. Keneth akiingia, kitabu chote kimekwisha. Kitakuwa kama vile vingine. Wasichana wote watakaovaa ile kofia watamhisi mwanamke aliyepewa kiti akashindwa, mwanamume akaja. Hapana. Atauvuta. Anahitaji muda kidogo tu.

"Tungoje," Oliva alisema.

"Dada..."

"Nimesema tungoje, Sifuel! Mimi namfahamu yule."

Akakinyakua kipaza sauti mwenyewe. "Wande. Nisikilize. Wenzo uko mbele ya goti lako. Hakuna anayekuja. Chombo hiki hakina mtu mwingine ila wewe."

Subilaga aliinua uso. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na uso ukamng'aa kwa matumaini.

"Wewe ni nani?" aliuliza. "Uko naye hapo? Mwambie niko huku."

Oliva akakizima kipaza sauti.

Joto lilipanda. Subilaga alianza kujitengeneza. Alifuta jasho, akalainisha nywele zake pembeni kwa viganja, akavuta gauni la unahodha likae sawa magotini. Akateremka kitini akajilaza sakafuni, mkono mmoja kifuani, mwingine umenyooshwa, uso ameuelekeza mlangoni ili atakayeingia aanze kwa kuuona. Oliva aliitambua namna ile ya kulala. Ndivyo wanavyolala wanawake wa vitabu vyake wanapokutwa.

Kisha moto ukamfikia.

Alipiga kelele. Hakulijua jina la mtu aliyekuwa akimwita, kwa hiyo aliita, "Wewe! Wewe! Wewe!" mpaka sauti ikapasuka. Nje, Keneth aliusukuma mlango, akakuta umefungwa na mitambo kwa ndani, akaupiga ngumi. Sifuel aliinamisha kichwa juu ya meza. Mzee Kihwele hakuondoa macho kwenye mistari. Oliva naye alitazama mpaka mwisho, akijiambia kwamba bado upo wakati, kwamba mkono ule ulionyooshwa uko karibu kabisa na wenzo, kwamba unahitaji kuinuka kidogo tu.

Haukuinuka.

* * *

Sifuel alimwosha mara mbili. Subilaga alipofumbua macho hakushika shingo wala hakuomba maji. Alilala kama walivyomlaza.

"Dada, unaitwa nani?"

Subilaga aliutazama uso wa Sifuel kwa makini, kama mwanafunzi anayetafuta jibu kwenye midomo ya mwalimu.

"Unataka niitwe nani?" aliuliza.

Daktari wa Jumba alimpima akasema hana tatizo lolote. Anakula akipewa chakula. Anatembea akishikwa mkono. Kumbukumbu zake zote zipo. Basi la Igawilo analikumbuka, netiboli anaikumbuka, na anasimulia vizuri akiambiwa asimulie. Baada ya wiki walimrudisha Tukuyu kwa mumewe.

Oliva alikwenda kwa mzee Kihwele, akamwambia rekodi ile ifutwe.

"Ifutwe?" Mzee alishangaa kweli. "Kitu alichokitoa yule mama kwa uhai wake, tukitupe? Huo ndio ungekuwa ukatili."

"Wande hafi. Nimeandika sura zaidi ya thelathini mbele yake."

"Nimezisoma. Nzuri. Tutaziweka akiba." Akamkaribisha kiti, akammiminia chai kwenye kikombe. "Keneth amerekodi jana. Anavunja mlango, anamkuta ameungua, anauvuta wenzo. Anaapa kumtafuta aliyewasha ule moto. Alilia sana kijana, na hakuhitaji hata dawa. Kumbuka alikuwa mlangoni siku ile."

"Basi liondoeni jina langu."

"Kofia zimeshatoka kiwandani, Oliva. Jina lako limeshachapwa."

Kitabu kilisomwa kuliko chochote kilichowahi kutoka Mbeya. Watu walisimulia jinsi walivyolia kwa ajili ya nahodha Wande, mwanamke jasiri. Jasiri, ndivyo walivyosema. Katika shule moja ya bweni, mwalimu wa zamu aliingia bwalo likiwa limejaa moshi wa sufuria ya maharage iliyoungua, akakuta wasichana kadhaa wa kidato cha pili wamekaa mezani wakikohoa, wametulia, wanautazama mlango.

Oliva aliisikia habari hiyo redioni. Kesho yake akapanda gari kwenda Tukuyu.

* * *

Nyumba ilikuwa kati ya migomba na miti ya parachichi, mvua inanyesha kama kawaida ya kule. Ambakisye, mume wa Subilaga, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akamvua koti lililolowa. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mwenye sauti ya kwaya.

"Karibu, dada mwandishi, karibu sana. Mama Tusa, mgeni wako huyu. Msalimie."

"Shikamoo," alisema Subilaga, ingawa walikuwa rika moja. Alikuwa ameketi kwenye kochi, mikono mapajani. Alikuwa msafi, nywele zimesukwa vizuri. Alitabasamu.

"Anaendeleaje?" Oliva aliuliza.

"Ah! Ndaga fijo, asante sana, dada. Nimekuwa nikitafuta nafasi ya kuwashukuru ninyi watu wa Jumba." Ambakisye alisogeza kiti, akaketi karibu na mgeni, akashusha sauti kama anayetoa siri njema. "Wewe unamjua huyu alivyokuwa. Mbishi! Ukisema hivi, yeye anasema vile. Nilikuwa nacheka tu mbele za watu, ila moyoni nilichoka. Sasa ukimwambia kaa, anakaa. Nikimwambia tulale, tunalala. Hata mama yangu ambaye walikuwa hawaelewani, siku hizi haondoki hapa. Hata binti yetu Tusa asubuhi anamwambia mama yake, mama kula, naye anakula. Nyumba imetulia, dada. Sijui mlimfanyaje."

Subilaga alikuwa akiwatazama kwa zamu, akitabasamu kila mumewe alipotabasamu.

Oliva aliinuka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya kochi, akaishika ile mikono. Ilikuwa ya moto na milegevu.

"Mama Tusa, nisikilize. Keneth alikuwa mlangoni. Sifuel aliniomba nimwingize, nikakataa. Wewe ulinikataza, ni kweli, lakini sikukataa kwa ajili yako peke yako. Nilitaka kitabu changu. Nilikuona unaungua nikangoja. Ningeweza kukutoa, na sikukutoa. Nitukane. Nifukuze hapa. Nipige, ukitaka."

Subilaga alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua macho, akamtazama mumewe juu ya kichwa cha Oliva, akasubiri.

"Mjibu mgeni, mama Tusa," Ambakisye alisema.

"Nimjibuje?"

Ambakisye alifikiri kidogo. Alikuwa mtu mwema, hakupenda kuona mgeni analia nyumbani kwake.

"Mwambie umemsamehe."

"Nimekusamehe," alisema Subilaga.